Daftari la Paundi

Fundi Lusangija, daftari lako bado ninalo.
Linanuka mafuta ya kompresa na minofu ya sangara,
kona za kurasa zimelika kwa kidole gumba chako.
Kila namba imesimama peke yake
kama mtoto aliyetumwa dukani bila kutajiwa duka:
*Chumba cha pili, usiku, ishirini na tisa.*
Ishirini na tisa nini, hukuandika.
Kwako duniani kulikuwa na paundi tu.

Mwaka uliostaafu waliteremsha mashine mpya hapa Kirumba,
geji yake nyeupe, mshale mwembamba kama mwiba wa furu,
na usoni herufi tatu: bar.
Nilidhani ni jina la kiwanda.

Usiku ule umeme ulirudi saa tisa.
Tani sita zilikuwa zimeanza kulegea.
Nikafungua daftari, nikafungua valvu, nikaingiza gesi.
Mshale ukafika mbili. Nikasema, bado mbali.
Tatu. Nne. Nikasema, mzee aliandika ishirini na tisa,
na mzee hakosei.
Bomba likavaa barafu hadi shingoni mwa kompresa,
kompresa ikaanza kugonga,
ngo, ngo, kama mtu aliyefungiwa kabatini,
na Nyamizi, yule binti wa Geita aliyetoka chuo cha ufundi juzi,
akanisukuma kwa bega, akafunga.
"Kaka," alisema akihema, "umesoma namba.
Ukoo wake hukuusoma."

Tukakaa juu ya kreti, akachukua chaki.
Bar moja ni paundi kumi na nne na nusu
juu ya kila inchi ya mraba.
Nusu ikikusumbua, bar mbili ni ishirini na tisa.
Ishirini na tisa, fundi! Ile ile yako.
Mbili niliyoipita kwa dharau
ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Nikamkumbuka mama pale mwaloni na sado zake mbili za dagaa,
ya kununulia ina tumbo, ya kuuzia kitako kimebonyea ndani,
zote zaitwa sado, na Mungu anaona.

Kisha akaniambia jambo ambalo halijanitoka:
sifuri ya geji si utupu.
Mshale ukilala kwenye sifuri, hewa yote ya Mwanza
bado imelikalia bomba kimya kimya;
nayo, kwa kuwa ziwa letu limepanda juu mno kuliko bahari,
ni paundi kumi na mbili na ushei, bar moja haifiki.
Anga letu ni jepesi kuliko la Tanga.
Nimelibeba miaka arobaini, sikuwahi kulihisi.

Tangu hapo nanakili. Kushoto zako, kulia zangu.
Mia mbili na tisini: ishirini.
Sabini na mbili na nusu: tano.
Hamsini na nane: nne.
Desimali ikiota mkia naukata, Nyamizi anaurudisha.

Jana nimefika kurasa za mwisho.
*Presha, mia na tisini.*
Nikagawanya bila kufikiri: kumi na tatu nukta moja.
Nikaiandika kulia, kwa wino, nikaipuliza ikauke,
ndipo nikaona ulichokwaruza chini kwa penseli:
*kwa mia na kumi. Zahanati, Jumanne.
Mama Ng'wasi asijue.*

Geji hiyo hakuna kati yetu aliyewahi kuitazama.
Nimeangalia tarehe. Jumanne hiyo hiyo
ulirudi kazini, ukakagua chumba cha pili,
ukaandika ishirini na tisa, ukatia saini.

Nimeikata kumi na tatu yangu kwa mstari mmoja.
"Safu hiyo tuiache tupu?" Nyamizi akauliza.
Mashine ikawaka kabla sijajibu.